KUNYATIA MNYAMA NA FIMBO TATU ZA KULENGEA: SIO MBWEMBWE, NI KUEPUSHA MAJERUHI



Kila msimu wa uwindaji wa kitalii unapokaribia kufunguliwa mwezi Julai, hapa Utemini maneno huwa ni yale yale. Kuna vijana wanatafuta vibarua kwenye kambi za kule Rungwa, Kizigo na Muhesi, na kuna wale wa kijiweni ambao kazi yao ni kuchambua picha tu. Na picha inayowachekesha wengi ni ile ya mwindaji kasimama porini, bunduki kubwa kaiegemeza juu ya fimbo tatu zilizofungwa pamoja kama stendi ya kamera. Utasikia: "Sasa huyu kaja kuwinda au kaja kupiga picha? Kama anajua kulenga, fimbo za nini?"

Swali zuri, ila jibu lake sio la kucheka. Zile fimbo hazipo kwa ajili ya kumfanya mtu aonekane bingwa. Zipo ili mnyama afe kwa risasi moja, asikimbie na jeraha. Maana mnyama aliyejeruhiwa haishii porini. Kuna siku anatokea kwenye njia ya mama anayetafuta kuni au mzee anayekwenda kukagua mizinga yake, na hao hawakuwepo kwenye uwindaji wala hawajui kama kuna nyati ana risasi begani.

Leo tuliangalie suala zima, kuanzia kunyatia mpaka risasi, na kinachofuata baada ya risasi.

TUANZE NA JINA LA MNYAMA

Wenzetu wa Ulaya wana utamaduni wa siku nyingi wa kunyatia wanyama wenye pembe za matawi, wale ambao Biblia ya Kiswahili inawaita ayala na wengine tunawaita kulungu. Ujue wanyama hao kwetu hawapo kabisa. Kusini mwa Sahara hakuna hata mmoja wa asili. Afrika nzima wapo kule kaskazini tu, Algeria na Tunisia. Tofauti ni kwamba wale wa Ulaya huangusha pembe zao kila mwaka na kuota nyingine, wakati swala wetu pembe yake ni ya maisha. Ikivunjika imevunjika.

Kwetu sisi kazi ya kunyatia inafanyika kwa swala pala, pongo, kongoni, pofu, tandala, korongo na palahala, na kwa upande wa wanyama hatari, nyati. Mkoa wetu wa Singida umejaliwa. Pori la Akiba Rungwa na wenzake Kizigo na Muhesi, upande wa Manyoni na Itigi, ni miongoni mwa maeneo yanayojulikana duniani kwa tandala mkubwa, palahala na nyati. Ukitoka hapa mjini unashuka kusini, unapita Itigi, unaendelea na ile barabara ya kwenda Makongolosi na Mbeya, unaingia kwenye miombo. Hapo ndipo mambo yote haya yanapotokea.

KUNYATIA NI NINI HASA?

Kunyatia ni kumkaribia mnyama kwa miguu bila yeye kujua, mpaka ufike umbali ambao huna wasiwasi na risasi yako. Basi. Kulenga ni sehemu ndogo sana ya kazi. Unaweza kutembea masaa manne na kulenga kwa sekunde tano.

Sheria yenyewe inakulazimisha utembee. Chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009, ni marufuku kuwinda ukiwa juu ya gari au ndani ya mita 200 kutoka lilipo gari. Ni marufuku pia kuwinda ndani ya mita 500 kutoka kwenye maji ya kudumu au sehemu wanyama wanapolamba chumvi, na ni marufuku kuwinda usiku. Kwa hiyo yule anayefikiri uwindaji ni kukaa kwenye Land Cruiser, ukaona, ukapiga, ukashuka kuokota, ajue huo ni uvunjaji wa sheria hata kama leseni anayo mfukoni.

Kitu cha kwanza ni upepo. Swala anaweza kukuona akadhani wewe ni kisiki, anaweza kukusikia akadhani ni mnyama mwenzake. Lakini akikunusa mchezo umekwisha, hasubiri uthibitisho. Ndiyo maana mfuata nyayo mzoefu hakosi kimfuko cha kitambaa chenye majivu. Anakitikisa kidogo, majivu yanatoka kama moshi, anaona upepo unaelekea wapi. Sio mara moja asubuhi halafu basi, ni kila baada ya hatua kadhaa, maana upepo hubadilika jua likipanda. Sisi watu wa Singida upepo tunaufahamu vizuri (miradi ya umeme wa upepo haipangwi huku kwa bahati mbaya), lakini upepo wa tambarare sio sawa na upepo wa ndani ya miombo. Kwenye mabonde na vichaka unazunguka. Unaweza kuanza umeuelekeza usoni, dakika kumi baadaye unakupiga kisogoni na kupeleka jasho lako moja kwa moja kwa mnyama.

Cha pili ni mwendo. Macho ya swala yako pembeni mwa kichwa, anaona eneo kubwa bila kugeuka, na kinachomshtua zaidi ni kitu kinachotembea. Akiinua kichwa, ganda hapo hapo ulipo hata kama mguu uko hewani. Akirudi kula, songa. Mkia ukitikisika na masikio yakicheza, bado ametulia. Akiacha kutafuna na kukutolea macho, usimwangalie kwa kujitokeza, subiri tu hata robo saa.

Cha tatu ni kelele. Kiangazi majani yanakauka, kila hatua inalia kama mtu anatafuna bisi. Watu wazoefu hukanyaga kwa pembeni ya mguu kwanza, wakihisi kijiti wanahamisha, ndipo wanaweka uzito. Na usisahau majirani wa mnyama. Kanga, nyani, tumbili, na wale ndege wanaokaa mgongoni mwa nyati kula kupe, wote hao ni walinzi. Wakipiga kelele wewe umeshatangazwa.

Mavazi nayo yana somo lake. Rangi nzuri ni kaki, kahawia au kijani iliyofifia. Usivae bluu. Sababu ya kwanza, swala wanaitofautisha bluu vizuri kuliko nyekundu. Sababu ya pili, mbung'o wanaipenda mno. Ndiyo maana mitego ya mbung'o hutengenezwa kwa kitambaa cha bluu na nyeusi. Na tafadhali, zile nguo za mabakamaba zinazofanana na sare za jeshi ziacheni. Kwa raia hapa Tanzania ni kosa, hata uwe katikati ya pori.

SASA FIMBO

Haya, umenyatia, uko mita 80 kutoka kwa mnyama, moyo unakwenda mbio, jasho linaingia machoni, bunduki ina uzito wa kilo nne au tano. Simama uielekeze kwa mkono mtupu uone. Mdomo wa bunduki unachora duara hewani.

Hesabu yake ni nyepesi. Chukua bunduki yenye urefu wa kama mita moja. Mdomo wake ukihama milimita 1 tu kutoka pale ulipolenga, kwenye mita 100 risasi inakuwa imehama sentimita 10. Milimita mbili, sentimita 20. Sehemu ya moyo na mapafu ya swala pala ni kama sahani ya kulia chakula. Kwa hiyo milimita mbili za mkono unaotetemeka zinatosha kutoa risasi kwenye moyo na kuipeleka tumboni au kwenye mguu. Hapo hujakosa, umejeruhi, na hilo ni baya kuliko kukosa kabisa.

Mtu atasema, kwa nini asilale chini akalenga vizuri kama mwanajeshi? Hilo ndilo jambo lenyewe. Kule Scotland wanaponyatia kulungu mwekundu milimani, mara nyingi wanatambaa kwa tumbo na kupiga wakiwa wamelala, kwa sababu mlima uko wazi na majani ni mafupi. Jaribu kulala chini Rungwa mwezi Julai, nyasi zimefika kifuani! Utaona mashina ya nyasi na mchwa tu. Mnyama unamwona ukiwa umesimama, kwa hiyo lazima upige umesimama, na ukisimama unahitaji kitu cha kuegemea. Mti ungefaa, lakini mti hauko kila mahali unapoutaka. Ndipo mtu unabeba "mti" wako mwenyewe.

Fimbo hizi kuna za kiwandani za alumini, lakini nyingi utakazokutana nazo kambini ni za kutengeneza hapa hapa: mianzi au miti mikavu iliyonyooka, urefu unaokaribia kimo cha mtu, zimefungwa karibu na juu kwa ngozi au kwa mpira wa tyubu. Juu ya kifungo zinabaki ncha fupi zinazotengeneza kikombe, na kikombe hicho huvikwa ngozi au mpira ili bunduki isigonge mti na kupiga kelele.

Za miguu miwili ni nyepesi na zinafunguka haraka, ila zinayumba mbele na nyuma. Za miguu minne zinashika bunduki mbele na nyuma, zimetulia sana, lakini ni nzito kubeba na mnyama akisogea unachelewa kuzigeuza. Za miguu mitatu ndizo zinazopendwa zaidi. Wazee walisema figa moja haliinjiki chungu, na hapa ni hivyo hivyo.

NAMNA YA KUZITUMIA

Kwa kawaida anayezibeba ni mfuata nyayo au mwindaji bingwa anayemwongoza mgeni. Akisema "hapa", anazisimamisha taratibu nyuma ya kichaka au mti. Hatakiwi kuzinyanyua juu kama bendera. Mnyama anaona kitu kinapanda juu ya nyasi na anaondoka. Baada ya hapo:

1. Mguu mmoja wengi huuelekeza mbele kwa mnyama, miwili inabaki upande wa mpigaji. Ikanyage ardhi ishike vizuri.

2. Kikombe kiwe kwenye usawa wa kumfanya mpigaji asimame wima bila kuinama wala kunyoosha shingo. Kiko juu sana? Panua miguu ya fimbo. Kiko chini? Ikusanye.

3. Unachoegemeza ni sehemu ya mti wa bunduki, iliyo mbele ya kifyatuo. Mtutu wenyewe usiguse fimbo. Risasi ikitoka mtutu unatetemeka, na ukiwa umegusa kitu kigumu risasi inaweza kwenda kwingine, mara nyingi juu.

4. Mkono wa mbele unashika fimbo na bunduki kwa pamoja pale kwenye kikombe. Usiiache bunduki imekaa bure juu ya fimbo, ikipiga itaruka.

5. Egemea mbele kidogo, uzito wako uzikaze fimbo. Kama mwili wa nyuma bado unayumba, mwenzako anaweza kusimama ubavuni akakupa bega lake uegemeze kiwiko cha mkono wa kufyatulia.

6. Vuta pumzi, itoe nusu, ishike. Vuta kifyatuo polepole, usikinyofoe.

7. Ukishapiga, usinyanyue kichwa kuangalia kama umepata. Koki risasi nyingine ukiwa bado uko kwenye fimbo.

Haya yote yanahitaji mazoezi. Kambini, siku ya kwanza, mgeni hupelekwa kupima bunduki yake kwenye shabaha. Wengi wanapiga wakiwa wamekaa mezani, wanapata katikati, wanapigiwa makofi. Lakini porini hakuna meza. Mwindaji bingwa makini atamwambia: sasa simama, piga kwenye fimbo, mita 50 halafu mita 100. Hapo ndipo ukweli unajulikana, na hapo ndipo anajua mgeni huyu asimruhusu kupiga zaidi ya umbali gani.

FIMBO HAIFANYI MBALI KUWA KARIBU

Hili ndilo kosa kubwa la watu wenye vifaa vizuri. Anaona darubini ya bunduki inavuta, fimbo imetulia, basi anataka kupiga mita 300. Fimbo inapunguza kutetemeka kwako tu. Haizuii upepo kuisukuma risasi, haimzuii mnyama kupiga hatua, wala haiondoi kijiti usichokiona kilicho katikati yenu. Kwenye miombo, kazi nyingi nzuri zinafanyika kati ya mita 50 na 150. Kwa nyati, karibu zaidi ni bora zaidi, na kanuni zinataka bunduki isiyopungua kipenyo cha .375 kwa wanyama hatari kama yeye.

Kama unataka mwalimu wa ukaribu, hatuna haja ya kwenda mbali. Ndugu zetu Wahadzabe, wa huko Munguli wilayani Mkalama na wenzao wa kuzunguka Ziwa Eyasi, wanawinda kwa upinde na mishale. Hawana fimbo wala darubini. Wanachokijua ni upepo, nyayo na subira, kwa sababu mshale unakudai ufike karibu kabisa. Mtu mwenye bunduki ya mamilioni angejifunza nusu ya yale, majeruhi wangepungua sana.

Kuhusu mahali pa kulenga: subiri mnyama akae ubavu. Fuata mstari wa nyuma ya mguu wa mbele, panda juu mpaka kama theluthi moja ya kimo cha mwili wake. Hapo kuna moyo na mapafu. Moyo uko chini kuliko watu wanavyofikiri. Akiwa amekupa makalio, usipige. Akiwa katikati ya kundi na mwingine yuko nyuma yake, usipige, risasi inaweza kumpita ikamjeruhi wa pili. Giza limeanza kuingia, usipige, maana hutakuwa na mwanga wa kumfuatilia. Kushusha bunduki na kusema "leo sio siku yake" sio aibu.

RISASI IKISHATOKA

Wakati huu ndipo haraka inapoharibu kazi. Weka alama mahali ulipopigia na kariri mahali mnyama aliposimama. Sikiliza ameelekea wapi. Halafu tulia. Kwa swala, watu husubiri robo saa mpaka nusu saa. Mnyama asiyefukuzwa hulala karibu. Ukimkimbilia anapata nguvu ya woga na kwenda kilomita nyingi.

Damu inaongea. Nyekundu ya kung'aa yenye povu ni mapafu, hayuko mbali. Nyeusi na nzito, mara nyingi ni ini. Ukiona majimaji ya kijani yenye harufu, umepiga tumbo, na hapo subira inatakiwa kuwa ndefu zaidi na ufuatiliaji wa makini zaidi.

Kwa nyati ni habari nyingine. Nyati mwenye jeraha anajulikana kwa kuingia kichakani, kuzunguka na kusimama karibu na njia yake mwenyewe akimsubiri anayemfuata. Sasa fikiria kichaka cha Itigi, kile kinachosifika kwa kufungamana mpaka mtu huoni hatua tano mbele. Humo fimbo za kulengea unaziacha nje, maana ukimwona ameshakufikia. Anayetangulia kuingia humo kufuata damu ni mfuata nyayo, kijana wa kwetu, mara nyingi hana silaha mkononi, macho yako chini kwenye nyayo. Kosa la milimita mbili la mtu mwingine, anayelilipa ni yeye.

Ndiyo maana sheria inamtaka aliyejeruhi afanye kila linalowezekana kummaliza mnyama huyo, na akishindwa atoe taarifa. Na kwenye uwindaji wa kitalii, aliyejeruhiwa akapotea hulipiwa kama aliyeuawa. Serikali ina utaratibu wa kifuta jasho na kifuta machozi kwa wanaodhuriwa na wanyama hatari, lakini tuambiane ukweli, kifuta machozi hakimrudishi mtu.

Na hapa niseme na wale wa magobore na mitego ya nyaya. Gobore lina risasi ya kubahatisha, nyaya haichagui mnyama. Vyote viwili ni viwanda vya kutengeneza majeruhi. Ukiacha hilo, kukamatwa na nyara za serikali kunaweza kukupeleka jela mpaka miaka 30. Anayetaka nyamapori kihalali, tangu kanuni za mwaka 2020 kuna utaratibu wa bucha za nyamapori zenye leseni.

KWA VIJANA WANAOTAKA KAZI HII

Mwindaji bingwa anayejulikana duniani bila mfuata nyayo mzuri sio kitu, na wafuata nyayo wanatoka vijijini kwetu. Anayetaka kwenda mbali zaidi ya kibarua cha msimu, milango ipo: Chuo cha Pasiansi Mwanza kwa upande wa uaskari wa wanyamapori, Mweka kwa taaluma ya juu zaidi, na Likuyu Sekamaganga kule Namtumbo kwa askari wa wanyamapori wa vijiji. Masuala ya leseni na vibali yako TAWA, ambayo ilianza kazi mwaka 2016. Uliza huko kwanza kabla ya kumsikiliza mtu wa kijiweni.

Na siku ukipewa zile fimbo uzibebe, usione umepewa kazi ya kitoto. Wewe ndiye unayeamua zisimame wapi, karibu kiasi gani, na upepo ukiwa umekaaje. Mgeni akitaka kupiga kutoka mbali kwa sababu amechoka kutembea, usizifungue. Mwambie kwa heshima, "Bwana mkubwa, bado kidogo, tusogee." Mita hamsini utakazomtembeza zinaweza kukuokoa usiingie kichakani kufuata damu ya nyati jioni hiyo.

Nawasilisha. Wadau mliofanya kazi za kambini Rungwa, Kizigo, Muhesi au kwingine, karibuni mtuongezee mliyoyaona.